Tuwaenzi walimu wa upasuaji wakiwa hai

Mgonjwa akiamka salama baada ya kupasuliwa, Muislamu jambo lake la kwanza ni kumshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.). Kisha akipata nguvu humuulizia daktari aliyempasua ili naye amshukuru. Mara nyingi hapo ndipo shukurani zetu zinapokoma. Ni wachache mno wanaojiuliza: huyu kijana aliyeshika kisu, alifundishwa na nani kukishika? Ni nani aliyesimama mbele yake siku ya kwanza alipopasua mtu, akamwelekeza mkono, akamwonya asiguse pale penye mshipa mkubwa wa damu?

Ndugu msomaji, makala haya yanamhusu huyo wa pili, ambaye mgonjwa hamuoni. Ni yule daktari mkongwe wa upasuaji aliyekaa miaka thelathini au arubaini akisomesha madaktari vijana mpaka wakawa mabingwa, kisha akastaafu na kurudi nyumbani kwake kimya kimya. Huko mtaani jirani zake wanamjua kuwa ni mzee fulani anayeswali safu ya mbele. Hawajui kwamba mabingwa waliotawanyika katika hospitali za mikoani wametoka katika mikono yake. Siku akifariki ndipo tutasikia sifa zake makaburini. Swali ni hili: kwa nini tungoje siku hiyo?

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu huwa hakumshukuru Mwenyezi Mungu. Mafundisho haya tunayataja sana katika hafla zetu. Tuyapime basi kwa watu hawa.

UPASUAJI HAUSOMWI KITABUNI PEKEE

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Kwa kawaida hapa kwetu kijana husoma udaktari chuoni miaka mitano, kisha hufanya mazoezi ya kazi hospitalini mwaka mmoja. Hapo anakuwa daktari, lakini hajawa bingwa wa upasuaji. Anayetaka ubingwa hurudi tena kusoma kwa miaka kadhaa, na miaka hiyo huipitisha zaidi wodini na katika chumba cha upasuaji kuliko darasani.

Humo anajifunza kwa daraja. Mwanzo hutazama tu. Kisha husaidia: hushika vyuma vya kupanulia jeraha, hufuta damu, hukata nyuzi. Baadaye hupewa kushona ngozi. Kisha siku moja mwalimu humkabidhi kisu, naye mwalimu husimama upande wa pili wa kitanda. Mwisho kabisa mwalimu hutoka nje ya chumba, akakaa mahali ambapo akiitwa atafika haraka.

Tutazame mwalimu anatoa nini katika safari hiyo. Kazi ambayo angeimaliza mwenyewe kwa saa moja, anakubali ichukue saa mbili ili mwanafunzi aifanye. Jina lake ndilo lililo kwenye faili. Mwanafunzi akikosea, dhamana ni ya mwalimu. Anaamshwa usiku wa manane kwa sababu kijana wa zamu amekwama. Yote hayo hayamwongezei sifa kwa mgonjwa, kwani mgonjwa amelala usingizi wa dawa na hajui kilichopita.

Katika Suratul Kahf tunasoma kisa cha Nabii Musa (A.S.) na yule mja mwema ambaye wanazuoni wengi wanasema ni Khidhri. Mwalimu alitoboa jahazi la maskini, na mwanafunzi akashindwa kuvumilia kwa kuwa hakuijua sababu. Kumbe lilitiwa kasoro ili lisinyang'anywe na mfalme dhalimu. Upasuaji nao uko hivyo kwa kiasi chake: ni kujeruhi kidogo ili kuokoa kingi. Mkono ule ule unaokata usipokuwa na elimu, basi ni mkono wa kuua. Tofauti ya mikono hiyo miwili ni mwalimu.

Ndiyo maana sheria yetu haikuacha jambo hili wazi. Imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba mwenye kujitia kutibu watu hali hajulikani kwa elimu ya tiba, basi atabeba dhamana ya madhara atakayoyaleta. Tukiizingatia hadithi hii tutaona kwamba kumheshimu anayefundisha tiba ni sehemu ya kulinda uhai wa watu, uhai ambao Qur'an katika Suratul Maida, aya ya 32, imeufananisha kuuokoa wa mmoja na kuwaokoa watu wote.

AZ-ZAHRAWI NA "WANAWE"

Waislamu tunapenda kujivunia wataalamu wetu wa zamani. Lakini mara nyingi tunataja majina tu, bila kujua waliishi vipi na wanafunzi wao. Tumchukue Abul Qasim az-Zahrawi, ambaye Wazungu walimwita Albucasis. Huyu alizaliwa kiasi cha mwaka 936 katika Madinat az-Zahra, mji wa watawala karibu na Cordoba, Andalusia, nchi ambayo leo ni Hispania. Alifariki karibu na mwaka 1013.

Baada ya kutibu watu kwa miaka kama hamsini, alikusanya elimu yake katika kitabu kiitwacho At-Tasrif, chenye sehemu 30. Sehemu ya mwisho ni ya upasuaji. Humo alichora vyombo vya kazi vipatavyo 200: visu, koleo, misumeno, sindano na vyuma vya kuchomea. Alieleza namna ya kushona kwa nyuzi zitokanazo na utumbo wa mnyama, namna ya kutoa mawe ya kibofu na namna ya kuunga mifupa.

Lakini kinachotuhusu hapa ni kwamba kitabu hicho alikiandika kwa ajili ya wanafunzi, na wanafunzi hao aliwaita wanawe. Mwanzoni mwa sehemu ya upasuaji alilalamika kwamba fani hiyo katika nchi yake na zama zake imekaribia kutoweka, na kwamba wanaoifanya hawajui maumbile ya mwili. Akatoa mifano aliyoiona kwa macho yake. Mmoja ni wa tabibu mjinga aliyepasua uvimbe shingoni mwa mwanamke, akakata mishipa ya damu, na mwanamke yule akatokwa na damu mpaka akafa mbele yake. Az-Zahrawi hakusimulia hayo ili kumcheka mtu. Aliwaonya wanawe wasije wakafanya hivyo.

Vile vile aliandika yaliyomfika yeye mwenyewe katika kazi. Alisimulia habari ya kijakazi aliyejichoma kisu kooni. Alipoitwa alikuta pumzi inatokea katika jeraha. Akalishona, na yule binti akapona, isipokuwa sauti yake ilibaki na mkwaruzo. Kutokana na tukio hilo akawafundisha wanafunzi kwamba kupasua sehemu ile ya koo si lazima kuwe kifo. Huyu ndiye mwalimu: lililomtokea kazini hakulificha wala hakulifanya hadithi ya kujisifia, bali aliligeuza somo.

Madinat az-Zahra, mji aliozaliwa, ulivamiwa na kuharibiwa katika fitina za mwaka 1010. Majumba ya kifalme yakawa magofu. Lakini masomo ya yule tabibu yalifasiriwa kwa Kilatini na Gerard wa Cremona huko Toledo katika karne ya 12, yakasomeshwa Ulaya kwa karne kadhaa. Hilo ndilo fungu la mtu aliyefundisha.

NYUMBA YA MWALIMU MJINI DAMASKASI

Mfano wa pili unatuonyesha jinsi elimu ya tiba ilivyopokezanwa kwa mikono. Mjini Damaskasi kulikuwa na hospitali iliyojengwa na Sultan Nuruddin Zangi mwaka 1154. Humo alifanya kazi tabibu mmoja aitwaye Muhadhdhabuddin ad-Dakhwar, aliyefariki mwaka 1230. Huyu alikuwa akizunguka kwa wagonjwa pamoja na wanafunzi, kisha akirudi nyumbani hukaa nao kusoma. Kabla ya kufa aliiweka nyumba yake waqfu iwe shule ya tiba, akaiwekea na mali nyingine ili kipato chake kiwalipe mwalimu na wanafunzi.

Tazama matunda yake. Miongoni mwa wanafunzi wake ni Ibn an-Nafis, yule aliyeeleza mwaka 1242 jinsi damu inavyotoka upande mmoja wa moyo kupitia mapafu hadi upande wa pili. Ibn an-Nafis alipofariki mwaka 1288 naye aliiacha nyumba yake na vitabu vyake kwa hospitali ya Mansuri ya Cairo. Mwalimu alitoa nyumba, na mwanafunzi akafuata nyayo zake.

Mwanafunzi mwingine wa ad-Dakhwar ni Ibn Abi Usaybia, aliyeandika kitabu kikubwa cha maisha ya matabibu ili wasisahauliwe. Huyu naye alimfundisha kijana kutoka Karak aitwaye Ibn al-Quff, ambaye aliandika kitabu kizima juu ya upasuaji peke yake. Na Ibn al-Quff, ndugu msomaji, alikuwa Mkristo. Mwalimu wake Muislamu hakumnyima elimu.

Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaouliza: je, inafaa Waislamu kuwaenzi walimu wa tiba wasiokuwa Waislamu? Jibu limo katika sira. Baadhi ya mateka wa Badri walipewa nafasi ya kujikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina kusoma na kuandika. Ikiwa elimu ilipokewa kutoka kwa mateka wa vita, vipi tuone haya kumshukuru daktari aliyeamka usiku miaka thelathini kuwafundisha watoto wetu?

MWALIMU ASIYEKUWA NA SHAHADA

Mfumo wa leo wa kusomesha mabingwa hospitalini, ambapo daktari kijana hupanda ngazi akiwa chini ya mkubwa wake, ulipata sura yake inayojulikana katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani. Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1889, na mkuu wa upasuaji William Halsted ndiye aliyeujenga utaratibu huo. Vijana wake waliishi ndani ya hospitali yenyewe.

Katika hospitali hiyo hiyo alitokea mwalimu wa ajabu. Vivien Thomas, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1910, alitamani kuwa daktari. Mtikisiko wa uchumi ulimpotezea akiba yake ya masomo. Akaajiriwa katika maabara ya daktari wa upasuaji Alfred Blalock, na kwa muda alilipwa katika daraja la mfagizi, ingawa kazi aliyoifanya ilikuwa ya utafiti. Alihamia Baltimore pamoja na Blalock mwaka 1941. Huko ndiko alikojaribu kwa mbwa, mara nyingi mno, njia ya kuwapasua watoto waliozaliwa na kasoro ya moyo, wale ambao midomo na kucha zao hugeuka rangi ya samawati kwa kukosa hewa.

Tarehe 29 Novemba 1944 Blalock alipompasua mtoto wa kwanza, Thomas alisimama kwenye kingazi nyuma ya bega lake, akimwelekeza. Hakuwa na shahada ya udaktari, lakini profesa alimsikiliza. Baada ya hapo kwa miaka mingi aliwafundisha madaktari vijana katika maabara ile namna ya kukata na kushona mishipa. Baadhi yao wakawa wakuu wa idara za upasuaji Marekani.

Wanafunzi hao walifanya nini? Walichanga fedha, wakamwagiza mchoraji, na mwaka 1971 picha ya mwalimu wao ikakabidhiwa rasmi kwa hospitali ile, mahali ilipo picha ya Blalock. Mwaka 1976 chuo kikampa shahada ya heshima. Thomas alifariki mwaka 1985. Heshima hiyo ilichelewa, tena sana, lakini ilimkuta yu hai akaiona kwa macho yake. Mambo ya picha tuyaache kwa wenyewe. Funzo letu ni kwamba wanafunzi hawakungoja serikali wala uongozi. Waliona wana deni, wakalilipa.

HAPA KWETU

Turudi nyumbani. Mkazi wa Dar es Salaam anayeijua hospitali ya Muhimbili amesikia jengo la Sewahaji. Jina hilo ni la Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, ambaye kwa mali yake ilijengwa hospitali ya wananchi mjini humo. Zaidi ya karne imepita na jina bado linatajwa na wagonjwa. Mtoaji wa mali tumemkumbuka, na ni vyema. Je, watoaji wa elimu?

Elimu hiyo nayo ina historia yake. Kwa muda mrefu, aliyetaka kuwa daktari katika nchi zetu alikwenda Makerere na hospitali ya Mulago, Uganda. Huko katika miaka ya 1960 idara ya upasuaji iliongozwa na Profesa Ian McAdam, na miongoni mwa Waafrika wa mwanzo waliofikia daraja la juu la upasuaji alikuwa Sebastian Kyalwazi, ambaye naye akawa profesa na kufundisha wengine. Dar es Salaam ilipata shule yake ya udaktari mwaka 1963. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996. Mwaka 1999 kikaanzishwa Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kijulikanacho kwa kifupi COSECSA, ambacho hakina jengo moja la kusomea: mwanafunzi anasomea hospitali aliyopo, chini ya bingwa aliyepo hapo. Maana yake bila wakongwe wanaokubali kufundisha, chuo hicho hakipo.

Machi 2025 alifariki Profesa Philemon Sarungi, bingwa wa upasuaji wa mifupa. Wananchi wengi walimjua kwa uwaziri wake. Lakini kabla ya uwaziri alikuwa mwalimu wa madaktari. Cheo cha serikali huisha siku mtu anapokabidhi ofisi. Aliowafundisha kazi wangali wanaunga mifupa ya watu hadi leo.

Na haja ya walimu hawa ni kubwa. Mwaka 2015 tume iliyoundwa na jarida la tiba la Lancet ilieleza kuwa watu bilioni 5 duniani hawafikiwi na huduma ya upasuaji iliyo salama na wanayoimudu. Ikapendekeza kila nchi iwe na mabingwa wa upasuaji, uzazi na usingizi wasiopungua 20 kwa kila watu 100,000. Nchi zetu ziko chini sana ya hapo. Mtu anaweza kununua mashine kwa mkopo ikafika baada ya miezi. Bingwa hanunuliwi, huchukua miaka zaidi ya kumi kumtengeneza, na hutengenezwa na bingwa mwenzake.

TUWAENZI VIPI?

Kuenzi si karamu na cheti cha kuning'iniza ukutani. Napendekeza mambo matano.

Kwanza, shukurani akiwa hai. Wewe daktari uliyefunzwa, nenda kamzuru mwalimu wako. Mpeleke mwanao amuone. Mwambie kwa kinywa chako: jambo fulani ulilonifundisha siku ile, jana limeokoa mtu.

Pili, dua. Kwa aliye Muislamu miongoni mwao, mtaje katika dua zako kama unavyowataja wazazi wako. Masheikh wetu huwataja walimu wao mmoja baada ya mmoja kabla ya kusomesha kitabu. Daktari Muislamu naye ana silsila yake, aijue.

Tatu, kuandika. Ibn Abi Usaybia aliandika habari za matabibu, nasi leo tunawajua. Vijana wetu wana simu za kurekodi sauti mifukoni. Waende kwa wazee hawa wawaulize: mlifanyaje kazi pale umeme ulipokatika, pale nyuzi zilipokosekana? Elimu hiyo haimo katika vitabu vya Ulaya, na wazee wanaondoka nayo.

Nne, waqfu. Tunajenga misikiti, na Mwenyezi Mungu azikubali amali hizo. Lakini ni waqfu upi tulionao wa kumsomesha kijana wa Kiislamu, hasa binti, ubingwa wa upasuaji? Wanawake wetu wanataka kutibiwa na wanawake, lakini hatuwasomeshi. Msikiti wenye maduka ya kupangisha unaweza kutenga sehemu ya kodi kwa jina la daktari mkongwe wa mtaa huo. Tumefundishwa kwamba mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha na mtoto mwema wa kumuombea. Waqfu wa namna hii unaunganisha mawili ya mwanzo kwa pamoja.

Tano, na ndilo kubwa, kufundisha. Bingwa aliyefunzwa bure, kisha akajifungia katika zahanati yake binafsi asimfundishe yeyote, huyo hakumuenzi mwalimu wake hata akimpelekea zawadi kila Idi.

Hapa iko tahadhari. Kumheshimu mwalimu si kumfanya malaika. Wapo walimu waliowatukana wanafunzi mbele ya wagonjwa. Tabia hiyo haienziwi, inaachwa. Na wala heshima isitumike kufunika makosa. Hospitali zenye utaratibu mzuri huwa na kikao ambapo madaktari hujadili vifo vilivyotokea ili wajue palipoharibika. Mwalimu anayesimama katika kikao hicho mbele ya vijana wake akakiri kuwa hapa nilikosea mimi, huyo amefundisha somo kubwa kuliko operesheni mia. Az-Zahrawi alituonyesha kwamba kosa likisemwa huokoa, likifichwa hurudiwa.

Ndugu zangu Waislamu, Ijumaa hii tazama safu ya mbele. Huenda yule mzee mwenye mikono iliyoanza kutetemeka, anayeegemea fimbo akishuka ngazi za msikiti, ndiye aliyemfundisha daktari aliyempasua mama yako. Mpe salamu, muulize habari zake, kaa naye kidogo. Kesho, wakati wa kubeba jeneza lake, huenda tukawa wengi, lakini yeye hatatusikia.

Wabillahi tawfiq.